Mavuno na Mizani: Msimu wa Pamba Kutoka Shinyanga Hadi Geita

Majembe ya Warongo

Kabla ya pamba, na kabla Mjerumani hajaokota chembe ya dhahabu katika vilima vya Geita, mali iliyotoka ardhini Uzinza ilikuwa chuma. Warongo, mafundi waliojua kuchagua mawe na kuyayeyusha katika matanuru ya udongo, walifua majembe yaliyouzwa mbali na kwao. Majembe hayo yalivushwa mpaka Usukuma yakabadilishwa kwa nafaka, mbuzi na ng'ombe, na mengine yakaingia katika mahari. Mkulima wa karne ya 19 aliyevuna mtama nyanda za Shinyanga alikuwa tayari anakula jasho la mchimbaji wa magharibi, na mchimbaji naye anakula mtama wake. Shimo na shamba vilijuana zamani, wala havikungoja wakoloni wavikutanishe.

Mavuno ya wakati huo yalikuwa ya mtama na uwele. Sehemu ilikwenda kwa mtemi, ambaye alitarajiwa kuirudisha kwa watu mwaka wa njaa, na iliyobaki ikawekwa ghalani. Hakuna aliyepima kwa uzani. Kipimo kilikuwa kikapu, na kila nyumba ilikijua kikapu chake. Kazi ikishakwisha, jua la kiangazi likiwa limekausha njia, zilianza ngoma. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyopata majina kutoka kwa waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, vilishindana hadharani, kila kimoja na dawa zake za kuwavuta watazamaji. Msukuma alikuwa na msimu wa sherehe uliofungwa na mavuno, na pamba ilipokuja iliukuta umeshasimama.

Njia ya ziwani, 1901–1928

Iliyoileta pamba ni njia ya usafiri zaidi kuliko mbegu. Mwaka 1901 Reli ya Uganda ilifika Kisumu, na meli zikaanza kuunganisha bandari za Ziwa Victoria na bahari ya Mombasa. Ghafla mzigo wa Mwanza ulikuwa na njia ya kwenda Ulaya bila kubebwa mabegani na wapagazi mpaka pwani. Wajerumani, ambao viwanda vyao vya nguo vilikuwa vikitegemea pamba ya Marekani, walihimiza kilimo cha pamba kusini mwa ziwa.

Kusini mwa koloni hilohilo pamba ililimwa kwa shuruti katika mashamba ya pamoja, na mwaka 1905 shuruti hiyo ikawa mojawapo ya cheche za Vita vya Maji Maji. Usukuma mambo yalikwenda tofauti. Watu walipanda katika mashamba yao wenyewe, kidogokidogo, kando ya mtama. Sisemi kwamba walikuwa huru: kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikuota kwenye mtama. Hata hivyo, kulima kwako mwenyewe ukauza mwenyewe ni jambo lenye ladha yake, na nadhani ndiyo sababu zao hili lilipata mizizi huku ambayo halikuipata Rufiji.

Vita Kuu ya Kwanza ilivuruga biashara hiyo, kisha Waingereza wakaianza upya. Tawi la reli kutoka Tabora lilipita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928. Tangu hapo robota la pamba liliweza kwenda Dar es Salaam bila kugusa maji ya ziwa, na Shinyanga ikawa mji wa stesheni: maghala, maduka ya Wahindi, mizani mlangoni.

Shoka dhidi ya mbung'o

Kwa anayeitazama Shinyanga leo na uwazi wake, ni vigumu kuamini kwamba tatizo lake kubwa miaka ya 1920 lilikuwa pori. Mbung'o walikuwa wamesonga mbele, ng'ombe wakafa, vijiji vikahama. Charles Swynnerton, mtaalamu wa wanyamapori aliyepewa kazi ya kupambana na mdudu huyo, aliweka makao yake ya utafiti Shinyanga, akaungana na watemi kuwatoa watu kwa maelfu kufyeka vichaka. Mtemi Makwaia wa Usiha alikuwa mstari wa mbele. Mwanawe Kidaha, mwaka 1945, angekuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, pamoja na Abdiel Shangali wa Machame. Swynnerton mwenyewe alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938.

Shoka hilo lilifungua ardhi kwa ng'ombe na kwa pamba pamoja. Miaka ya 1930 kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilianza kazi ya kutafuta mbegu zinazostahimili wadudu wa nyanda hizi, na kwa miongo mingi mbegu za huko zilibeba herufi UK katika majina yao. Serikali nayo ilihimiza kila nyumba ilime zaidi, maana bei za dunia zilikuwa zimeanguka na mapato ya kodi yakaanguka nazo. Matokeo yake mengine yalionekana taratibu: miti ikaisha. Mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanzishwa mwaka 1986 kurudisha ngitili, maeneo ya malisho na miti yaliyohifadhiwa, ulikuwa kwa sehemu unalipa deni la mafanikio ya miaka hiyo.

Magharibi, Geita bado ilikuwa pori na watu wachache. Huko mwendo ulikuwa wa kuhamia. Familia za Kwimba na Mwanza, zilizobanwa na wingi wa watu na mifugo, zilivuka kufuata ardhi mpya, na baada ya Vita Kuu ya Pili serikali iliuingiza uhamiaji huo katika Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Wakati huohuo mgodi wa dhahabu wa Geita ulikuwa umeanza kuzalisha, katikati ya miaka ya 1930, nao ukaendelea mpaka 1966. Basi mhamiaji wa Geita aliikuta mikono miwili ikimwita: mshahara wa mgodini, mdogo lakini wa kila mwezi, na pamba, inayolipa mara moja kwa mwaka. Wapo waliofanya vyote, wakienda shimoni kiangazi na kurudi mvua za Novemba zikianza kunukia. Kaskazini mwa Shinyanga, John Williamson alipogundua almasi Mwadui mwaka 1940, hali ilifanana, ila pale palikuwa na uzio.

Ratili zinazopotea

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu historia ya mavuno Usukuma, ukiitazama kwa karibu, ni historia ya nani ameshika mizani.

Pamba hupandwa Novemba na Desemba, ikachumwa kuanzia Mei. Kuichuma ni kazi ya vidole. Tumba linapopasuka, nyuzi hutolewa, tumba moja baada ya jingine, majani makavu yasishike, na mavuno yatenganishwe: pamba safi fungu lake, pamba fifi fungu lake. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilifanywa na wanawake na watoto. Siku ya soko mwanamume ndiye aliyeandamana na mafurushi, na ndiye aliyerudi na fedha. Mgogoro huo wa ndani ya nyumba haukuandikwa sana katika taarifa za serikali, lakini mabaraza ya wazee yaliujua.

Sokoni mkulima alimkuta mnunuzi, mara nyingi Mhindi mwenye duka aliyekuwa wakala wa mwenye kinu cha kuchambulia. Mizani ilikuwa ya mnunuzi, aliyeisoma ni karani wa mnunuzi, na hesabu ilifanywa kwa ratili na senti na mtu ambaye mkulima hakuweza kumsahihisha. Ratili kadhaa zilikatwa kwa ajili ya gunia. Nyingine zilipotea kwa kidole, kwa jiwe lililowekwa vibaya, kwa kusoma haraka. Furushi lililotoka nyumbani likiwa zito lilifika kaunta limepungua, na mwenye mali hakuwa na ushahidi isipokuwa maumivu ya kichwa alichobebea.

Karibu na mwaka 1950 wakulima wa pande kadhaa za Jimbo la Ziwa walibuni jawabu ambalo kwa unyenyekevu wake lilikuwa mapinduzi. Walichanga fedha, wakanunua mizani yao, wakaajiri mpimaji wao. Mpimaji huyo alikaa jirani na soko. Mkulima alipitia kwake kwanza, pamba ikapimwa, uzito ukaandikwa kwenye kikaratasi, ndipo akaenda kwa mnunuzi. Hesabu zikitofautiana, kikaratasi kilizungumza. Hakukuwa na hotuba wala bendera katika jambo hilo. Lakini mtu aliyezoea kupunjwa akigundua kwamba kupunjwa kunahesabika, hawi mtu yuleyule tena.

Kutoka kikaratasi hadi kinu, 1950–1961

Aliyeisoma maana ya vikaratasi hivyo ni Paul Bomani, kijana mzaliwa wa Musoma aliyekuwa akiongoza chama cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Alizunguka vijijini akiwashawishi wapimaji na wakulima waungane katika vyama vya msingi, na vyama viungane katika umoja. Baadaye alikwenda kusoma ushirika Loughborough, Uingereza. Serikali ya kikoloni, kwa sababu zake, ilikuwa inaelekea upande huohuo. Mwaka 1952 iliunda Bodi ya Nyuzi na Mbegu kusimamia uuzaji wa pamba, na bodi iliona afadhali kushughulika na vyama kuliko na mamia ya wenye maduka.

Mwaka 1955 ulizaliwa Victoria Federation of Co-operative Unions, shirikisho la vyama vikuu vya Jimbo la Ziwa. Kasi yake haikutarajiwa. Katikati ya muongo huo lilipata kinu chake Kasamwa, Geita, na kufikia uhuru karibu pamba yote ya Usukuma ilipita mikononi mwa ushirika. Walioandika wakati huo walilihesabu miongoni mwa mashirika makubwa kuliko yote ya ushirika ya Waafrika barani. Kasamwa ina maana yake katika kisa hiki. Mkulima aliyeanza kwa kutaka kusoma mizani mwenyewe alikuwa sasa na hisa katika mashine inayotenganisha nyuzi na mbegu, mahali faida ya kweli ilipokuwa imejificha miaka yote.

Siasa ilifuata njia za ushirika, maana vyama vya msingi vilikuwa na makatibu wanaojua kusoma, baiskeli na mtandao wa mikutano. Watu walichoka na amri za Mpango wa Usukuma: matuta ya lazima, kupunguza ng'ombe, faini kwa kila kosa la shamba. TANU, chama cha kudai uhuru, ilizuiwa kufanya kazi Usukuma tangu mwaka wa kuzaliwa kwake, 1954, hadi 1958, lakini kuzuia chama wakati ushirika uko wazi ni kufunga mlango na kuacha dirisha. Mwaka 1958 serikali ilipojaribu kuipa Geita halmashauri ya mchanganyiko wa rangi, ambamo Wazungu na Wahindi wachache wangekaa pamoja na watemi, wilaya ilikataa. Waandamanaji walikwenda Mwanza kwa maelfu kudai kusikilizwa, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Halmashauri hiyo haikudumu, na mwishoni mwa mwaka huo TANU ikaruhusiwa tena. Bomani akawa waziri wa kilimo, kisha wa fedha, wa nchi huru.

Fedha ya pamba wakati huo iliamua kalenda yote. Mabati, baiskeli, harusi, ng'ombe wa mahari, kesi za madeni, vyote vilingoja Juni na Julai. Warumi wa kale walikuwa na kivumishi cha mambo yahusuyo mavuno ya zabibu, vindemialis, na mahakama zao zilikuwa na likizo ya msimu huo ili watu wawahi mashambani. Mzee yeyote wa Maswa angewaelewa bila mkalimani. Mizabibu yetu iko Dodoma, si Usukuma, lakini divai ilifika Bujora kwa njia ya altare. Padri David Clement, Mkanada wa Shirika la White Fathers, aliyejenga parokia pale miaka ya 1950, aliona kwamba sikukuu ya Ekaristi huangukia karibu na mwisho wa mavuno, msimu uleule wa Bagika na Bagalu. Akaikaribisha ngoma uwanjani baada ya maandamano ya Sakramenti, na sherehe ikaitwa Bulabo. Washindani wanacheza bugobogobo na majembe mikononi hadi leo, na ukitafakari majembe hayo yalianzia wapi, utawakumbuka Warongo.

Serikali yaichukua mizani, 1967–1984

Kipindi hiki kinaweza kusimuliwa upesi. Shirikisho la Victoria, lililokuwa limekua haraka kuliko uwezo wake wa kusimamia fedha, lilichunguzwa, likavunjwa, na mwaka 1968 nafasi yake ikachukuliwa na Nyanza Cooperative Union. Mwaka 1973 Bodi ya Nyuzi na Mbegu iligeuka Mamlaka ya Pamba. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliwatoa watu kwenye makazi yaliyotawanyika na kuwaweka kwenye mistari, wengine mbali na mashamba waliyoyatia samadi kwa miaka. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa kabisa, na kijiji kikauza moja kwa moja kwa Mamlaka.

Mizani ilibaki sokoni, ila aliyeishika sasa hakuwa na mshindani wala mpimaji wa pembeni. Malipo yalichelewa. Bei ilipangwa mbali, na sehemu ya mkulima katika bei ya dunia ikapungua. Mkulima wa Usukuma alijibu bila kugoma: alipanda kingine. Mabonde ya Kahama na Shinyanga yaligeuka majaruba ya mpunga, kwa sababu mpunga huuzwa kwa yeyote, siku yoyote, na usipouzwa huliwa. Geita ilielekea mahindi, muhogo na mananasi. Ushirika uliporudishwa kwa sheria ya 1982, Nyanza ikafufuka na Shinyanga ikapata chama chake kikuu, SHIRECU, lakini vilirudi na madeni na majengo, huku wanachama wakiwa wamekwishajifunza kutotegemea.

Mwaka wa ushindani, na mchanga ndani ya pamba

Mwaka 1994 ununuzi wa pamba ulifunguliwa kwa kampuni binafsi. Misimu ya kwanza ilikuwa kama sherehe: magari ya wanunuzi yalifukuzana barabarani, fedha zililipwa papo hapo, na mkulima aliweza kumwacha mmoja akaenda kwa mwingine. Kisha ubora ukaanguka. Kila mnunuzi, akihofia kunyang'anywa mzigo, alichukua safi na fifi bila kutazama, na mkulima akajifunza kwamba maji na mchanga huongeza kilo. Nyuzi za Tanzania zikapata sifa mbaya sokoni nje. Mizani iliyochezewa nayo ilirudi. Babu alidhulumiwa na karani. Mjukuu alidhulumu na akadhulumiwa, yote katika asubuhi moja. Wakala wa Vipimo hukagua mizani za pamba kabla ya msimu kufunguliwa, na kila mwaka hupata kazi ya kufanya.

Wakati huohuo dhahabu iliamka. Kuanzia 1990 Benki Kuu ilinunua dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa bei iliyokaribia ya soko, na vijana wengi wa vijiji vya pamba wakaelekea Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na Kakola. Huko walikuta maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yaliyoshikiliwa na matimba, makarasha yanayosaga mawe, mialo ya kuoshea na zebaki mikononi. Uchimbaji mdogo una msimu wake pia, kwa kuwa mvua hujaza duara maji, na fedha ya pamba mara nyingi ndiyo iliyonunua chakula cha wachimbaji mpaka mwamba utoe. Kisha zikaja kampuni. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, tukio ambalo limezaa mabishano mpaka leo. Mgodi mkubwa ulifunguliwa pale mwaka 2001. Geita yenyewe ilifunguliwa upya mwaka 2000 chini ya Ashanti Goldfields, sasa AngloGold Ashanti.

Mikoa miwili, mizani mbili

Mwaka 2012 ramani ilibadilishwa. Geita ikawa mkoa, na jina lake nje ya nchi likawa la dhahabu tu. Shinyanga ilikatwa: Bariadi, Maswa na Meatu zikaenda mkoa mpya wa Simiyu na kuondoka na sehemu kubwa ya pamba. Shinyanga ikabaki na Kishapu, almasi ya Mwadui, na dhahabu na mpunga wa Kahama. Kwa mkoa ambao ushirika wake ulijengwa juu ya robota, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko lilivyojadiliwa.

Mwaka 2018 serikali iliagiza pamba iuzwe tena kupitia vyama vya msingi, AMCOS, na kampuni zinunue kutoka ghala la chama badala ya mkulima mmojammoja. Bei elekezi ilikuwa shilingi 1,100 kwa kilo, na msimu uliofuata 1,200. Kwenye karatasi hili lilikuwa wazo la 1955 limerudi. Tofauti ni kwamba katika Kasamwa ya zamani chama kilimiliki kinu, ilhali AMCOS nyingi zilimiliki ghala na daftari. Dhahabu nayo ikapata mizani yake: Machi 2019, Geita mjini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifungua soko la madini, la kwanza la aina yake nchini. Mchimbaji mdogo aliingia na kipande chake, kikapimwa mbele yake na mbele ya ofisa wa serikali, mrabaha wa serikali ukakatwa, akatoka na fedha siku hiyohiyo.

Miezi michache baadaye msimu wa pamba ulifunguliwa. Bei ya dunia ilikuwa imeshuka chini ya bei elekezi, kampuni zikasita, mabenki yakasita, na pamba ikapimwa, ikaandikwa, ikaingia ghalani bila kulipwa. Wakulima wengi wa Kishapu na Geita walibaki na stakabadhi mpaka mwaka ukakaribia kuisha. Zamu hii uzito haukuwa na ubishi. Kilo zao zilisomeka sawasawa kwenye karatasi. Mvua za Novemba zilipoanza, kila nyumba ilipiga hesabu zake upya: ekari ngapi za pamba, ngapi za mahindi na choroko, na kijana gani abaki nyumbani kulima. Ndani ya misimu miwili mavuno ya pamba ya nchi yalishuka chini ya nusu, wadudu na hali ya hewa wakiwa wamechangia, huku masoko ya madini yakiongezeka mkoa hadi mkoa.